Nzi Asiye na Uhai

Somo letu asubuhi hii latoka katika Waraka wa Yakobo, sura ya 1, mstari wa 13 hadi wa 15. Hapo Yakobo aeleza jinsi mtu anavyojaribiwa kwa tamaa yake mwenyewe, na neno moja alilolitumia kwa Kiyunani ni neno la wavuvi. Ni neno la chambo.

Sisi wa Eldoret hatuna ziwa, lakini vijito vya baridi vya vilima vya Cherangani na vya Mlima Elgon twavijua. Huko yuko samaki aitwaye trauti. Si mwenyeji. Wa kwanza waliletwa Kenya mwaka 1905 kutoka Loch Leven, Uskoti, na mlowezi Ewart Grogan, wakatiwa katika mto Gura huko Aberdare; baadaye wakasambazwa katika mito mingine ya nyanda za juu. Trauti hupenda maji safi yaendayo kasi. Hukaa ameelekeza kichwa kule maji yatokako, akingoja mkondo umletee chakula.

Nilipokuwa kijana nilimbebea kikapu mzee mmoja wa kanisa letu, mvuvi wa trauti. Katika ndoano yake hapakuwa na mnyoo wala kipande cha nyama. Aliibana ndoano ndogo mezani, akaizungushia uzi, akaongeza unyoya wa shingo ya jogoo na manyoya kidogo ya sungura, mpaka akapatikana nzi ambaye hata mimi nilitaka kumfukuza kwa mkono. (Mama wa nyumba ile alisema jogoo wake hawakuwa na amani.) Nzi huyo hana uzito, kwa hiyo kinachorushwa hasa ni mshipi wenyewe, ulio mzito, nao humchukua nzi mpaka atue juu ya maji polepole.

Lakini kabla ya kurusha, mzee aliingia majini akageuza mawe, akatazama wadudu walioshikamana chini yake. Kisha ndipo alipochagua nzi wa kufanana nao.

Nikamwuliza, "Mzee, kwani samaki huyu ni mjinga?"

"Hapana, kijana wangu. Ana macho kuliko wewe. Ila nimekwisha kujua anakula nini leo."

Ndugu zangu, miaka mingi baadaye nilikuwa karani wa kupokea mahindi. Ilikuwa mwezi wa Januari. Mtu mmoja akanijia, wala hakuniletea pombe, maana alijua sinywi. Aliniletea karo ya mtoto wangu. Alikuwa amegeuza mawe yangu, akaona. Alichotaka ni sahihi yangu tu, kwa magunia 20 ambayo hayakupita kwenye mizani. Nikatia sahihi, na jioni ile nikamshukuru Mungu mezani kwa kutujibu maombi. Hilo ndilo linaloniumiza hata leo, kwamba nilimshukuru Mungu.

Trauti akinaswa hukimbia sana, na kadiri anavyovuta ndivyo kijino cha ndoano kinavyozidi kuzama. Nami nilikimbia. Nilitoa sadaka kubwa, nikaingia kwaya, nikawa mkali kwa makarani wenzangu. Usiku silali.

Mzee yule hakupenda kuua samaki wadogo. Alilowesha mikono kwanza, kwa sababu mkono mkavu humtoa samaki ute unaomkinga na maradhi. Akaitoa ndoano pale pale ndani ya maji, akamshika samaki taratibu, kichwa kikielekea mkondo, mpaka apate nguvu. Wakati mwingine ilichukua dakika kadhaa. Mimi nilichoka kungoja, yeye hakuchoka.

Kwake ndiko nilikokwenda hatimaye, na wewe unayenisikiliza ukiwa na ndoano kinywani, mtafute mtu wa namna hiyo leo, kabla ya jua kuchwa. Nilimwambia yote. Hakunihubiria. Aliuliza, "Mkubwa wako hufika ofisini saa ngapi?"

Kesho yake tulikwenda pamoja. Fedha zile nilizilipa kidogo kidogo, zikikatwa katika mshahara, na cheo changu nilikipoteza. Asubuhi ile mzee aliketi nami kwenye benchi nje ya mlango, mkono wake begani mwangu, mpaka nilipoitwa jina.

Na tuombe.