Kutembea Nako Kunafundishwa

Bwana mmoja alinisimamisha njiani juzi akiwa amekasirika. Amelipa ada ya mwanawe kwenye darasa la judo, na mwezi mzima kijana anafundishwa kutembea.

"Mwandishi, mwanangu alianza kutembea akiwa na mwaka mmoja," akaniambia. "Hawa wanatula fedha!"

Simlaumu sana. Sinema zimetuzoesha mateke ya hewani. Hata hivyo, nilimsihi asimtoe kijana.

Jigoro Kano, Mjapani aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, alikuwa mtu wa umbo dogo, na alilieleza jambo hili kwa hesabu. Mpinzani ana nguvu 10, wewe una 7. Mkisukumana, umeshindwa. Lakini akikusukuma nawe ukarudi nyuma, yeye hupepesuka, na kwa nukta hiyo nguvu zake hubaki 3. Zako 7 bado unazo, mradi wewe mwenyewe hukuyumba. Na kutoyumba huko hutoka miguuni, si mabegani.

Ndiyo maana wanafunzi huburura nyayo juu ya mkeka. Wajapani huuita mwendo huo suriashi. Uzito hukaa sehemu ya mbele ya wayo, kisigino kikigusa chini kidogo tu. Katika hatua ya kufuatisha, mguu wa nyuma huufuata wa mbele bila kuupita, na miguu haigongani. Jaribuni hapo mlipo: simama umebana miguu, halafu mwenzako akusukume begani kidogo. Umeona?

Anayenyanyua miguu kama mtu avukaye tope hubakiwa na mguu mmoja, akangoja ngwara. Na ngwara nayo ina wakati wake. Ukiwahi mno, mguu wa mwenzako hauna uzito, atauondoa tu. Ukichelewa, umekwisha kusimama kama nguzo. Hupigwa pale uzito unapoanza kuushukia. Hilo halijulikani kwa mwezi mmoja, wala miwili.

Kijana aliyerushwa hatua hii huangusha wenzake kwa ubavu. Siku akikutana na mzito kuliko yeye, huvutana naye mpaka wakaanguka pamoja, naye akatanguliza mkono chini. Mikono huvunjika hivyo.

Bwana yule akaniuliza, mbali na kutembea, wanafundishwa nini kingine mwanzoni.

Nikamjibu: kuanguka.

Akaondoka bila kuniaga.