Surua na Dirisha Lililozibwa

Msikilizaji, nyumba yenye mtoto wa surua mara nyingi utaitambua kwa dirisha. Limefungwa na kuzibwa kwa kanga. Ndani mtoto anawaka homa, naye kafunikwa blanketi. Haogeshwi, yai na nyama hapewi, na zahanati hapelekwi, maana bibi kasema surua haitaki sindano, iachwe itoke yote.

Bibi hajakosea kila kitu. Mwanga mkali huumiza macho ya mtoto huyu, na kivuli humpa nafuu. Kumtenga na wenzake nako ni busara: huambukiza tangu siku 4 kabla ya vipele hadi siku 4 baada ya kutokea, na kirusi chake huweza kuelea chumbani hadi saa 2 baada ya yeye kutoka. Lakini kivuli si lazima kiwe joto la tanuri. Fungua dirisha hilo. Mwogeshe maji ya uvuguvugu, mvalishe nguo nyepesi, mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini asipewe.

Kumnyima chakula ndiko kunakonitia hasira. Surua humaliza akiba ya vitamini A mwilini, humtoa vidonda mdomoni, kisha humharisha. Juu ya hayo, sisi tunamwongezea njaa! Mpe uji wa karanga, maziwa, yai lililopondwa, papai, kidogo kidogo lakini mara nyingi. Anayenyonya anyonyeshwe zaidi, na anayeharisha apewe ORS.

Sasa macho. Mwaka 1987, Allen Foster na Alfred Sommer walichapisha uchunguzi wa watoto 130 wa Tanzania waliokuwa na vidonda kwenye kioo cha jicho. Zaidi ya theluthi moja walikuwa wametoka kuugua surua. Wengine walikuwa wameumizwa na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni na watu waliowapenda. Maji ya majani, mkojo, hata maziwa ya mama, visiingie katika jicho la mtoto. Lipanguse kwa kitambaa safi na maji safi, basi.

Mwaka huohuo ulitoka utafiti wa Hospitali ya Mvumi, Dodoma. Naam, Ugogoni, si ng'ambo. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likapewa vitamini A siku mbili mfululizo. Kati ya 88 waliopewa, walifariki 6. Kati ya 92 ambao hawakupewa, walifariki 12. Tofauti ilionekana zaidi kwa walio chini ya miaka 2. Idadi hiyo ni ndogo, lakini mwaka 1990 utafiti wa Cape Town ulikuja kuipa nguvu. Leo Shirika la Afya Duniani linaelekeza kila mtoto mwenye surua apewe dozi 2, leo na kesho, kulingana na umri wake, na ya tatu wiki chache baadaye iwapo macho yana dalili.

Dozi hizo hutolewa na mhudumu wa afya, hazibuniwi nyumbani. Surua ilipolipuka Texas, Marekani, mwaka 2025, baadhi ya watoto walifikishwa hospitali wakiwa na dalili za ini kuathirika kwa kuzidishiwa vitamini A. Wazazi walidhani inakinga surua. Haikingi.

Na antibayotiki za dukani? Surua ni kirusi, hazikiui. Daktari huziandika akikuta nimonia, sikio linalotoa usaha, au ugonjwa mwingine wa bakteria. Ni nimonia hiyo, ikicheleweshwa, inayoua wengi, wala si sindano.

Kwa hiyo mpeleke zahanati mapema, na mlangoni sema unashuku surua, asije akakalishwa kwenye benchi na watoto wengine. Akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea, kifua kikibonyea anapovuta pumzi, au jicho likiingia ukungu, usisubiri kuche.

Chanjo ya surua na rubela hapa Tanzania hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Ile ya pili ndiyo husahaulika, kwa kuwa mtoto keshaanza kukimbia na mama keshaacha kwenda kliniki. Itoe kadi yake usiku huu, uitazame.