Kijana wa Shamba Katika Daftari la Vita



Majemadari wa Vita Kuu ya Kwanza wameandikiwa vya kutosha. Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani huku Afrika Mashariki, peke yake anajaza rafu. Jioni hii nimekuja na kijana mmoja wa shamba, tuseme wa Nyanza, aliyeacha jembe mwaka 1917 kwa amri ya chifu na hakurudi. Jina lake halimo kwenye jiwe lolote. Hoja yangu ni kwamba halikupotea, liliachwa.

Mwaka huo serikali ya kikoloni katika nchi ambayo leo ni Kenya ilikusanya wanaume wawe wapagazi wa jeshi, kama ilivyokusanya kodi, msimamizi akiwa John Ainsworth. Mbung'o walikuwa wamemaliza farasi, nyumbu na ng'ombe, basi risasi na chakula vikasafiri kichwani mwa watu. Wapo waliokimbilia mashamba ya walowezi, maana kibarua wa mlowezi hakuguswa, na mlowezi naye akapata vibarua bila kupandisha ujira. Aliyebaki kulima shamba la baba yake ndiye aliyebebwa.

Alipewa namba, mzigo na posho ya unga wa mahindi. Huo unga tuutazame vizuri. Kijana amekulia wimbi na mtama. Anafika kambini giza limeshaingia, kuni zimelowa, na kesho alfajiri safari inaendelea. Unga wa chengachenga unataka moto wa muda mrefu, naye muda huo hana, kwa hiyo anakula hivyo hivyo, ubichiubichi. Tumbo linachafuka, kuhara damu kunafuata. Maradhi yaliua wapagazi wengi kuliko risasi. Kwa upande wa Waingereza peke yake, makadirio ya wanahistoria yanafika vifo 95,000 na zaidi.

Je, alikuwa mwanajeshi? Wenzangu wa sheria watasema hapana, hakushika bunduki. Mimi namhesabu mwanajeshi, na wakitaka kununa wanune. Alitii amri ya jeshi, akala posho ya jeshi, akafia katika safari ya jeshi.

Mei 1917, wakati vijana kama yeye wanakusanywa vijijini, Uingereza iliunda Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola, ambayo kanuni yake ilikuwa kwamba wafu wote ni sawa bila kujali cheo. Kanuni hiyo ilipofika huku ilipindwa. Mzungu alipata kaburi lenye jina, na Waafrika wengi wakapewa sanamu ya pamoja. Ile ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ni kazi nzuri ya mikono, sikatai. Ina maandishi, lakini hakuna jina hata moja la marehemu. Mwaka 2021 ripoti ya tume hiyo hiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Lakini jeshi linalolipa mshahara lazima liandike. Namba ilikuwa na jina, na jina lilikuwa na wilaya. Mishahara ya maelfu ya waliokufa haikufika kwa warithi, kwa madai kwamba ndugu zao hawapatikani. Ajabu ni kwamba mtoza kodi ya kibanda hakuwahi kupotea njia ya kwenda kwa mama yake huyo kijana. Na mwaka 1919 ardhi ya Kenya iligawiwa wanajeshi wa Kizungu waliostaafu, wawe walowezi.

Kwamba majina yanaweza kupatikana, Cape Town imeonyesha. Januari 2025, katika bustani ya Company's Garden, zilizinduliwa nguzo za mti wa mvule, kila moja na jina la mtu na tarehe ya kifo chake. Ni vibarua Weusi wa jeshi zaidi ya 1,700 wa Afrika Kusini, waliofia barani humu.

Idara ya Historia ina wanafunzi wanaohangaika kutafuta mada za tasnifu. Wapelekwe kwenye nyaraka za Nairobi, Dar es Salaam na Zomba kule Malawi, kisha waende vijijini na orodha mkononi, wakaulize koo kwa koo. Na nguzo zetu zikipatikana, hapa Dar es Salaam nazitaka Kariakoo, palipokuwa kambi ya wapagazi, hata kama wafanyabiashara watalalamika kwamba zinawazibia njia.