Ruzuku Hii Ni Deni Letu Sote
(Maneno aliyosema ndugu mmoja wa reli kwa wanachama, Kiboko)



Sisi ni watu wa reli, lakini wake zetu na wazee wetu wako shambani. Sote tumeona maembe yakioza chini ya miti kwa sababu mnunuzi ametaja bei ya dharau.

Mwaka 2016 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha Serikali yetu dola milioni 200 kwa mradi wa kilimo ulioitwa NARIGP. Makueni na Kitui zilikuwamo. Ruzuku ilipewa vikundi, si mtu peke yake. Mwaka 2017 Kaunti ya Makueni ilifungua kiwanda cha maembe huko Kalamba. Mwenye debe moja hawezi kuzungumza bei na kiwanda. Kikundi chenye lori zima chaweza.

Lakini sikilizeni: kwa kikundi fedha ile ni ruzuku, kwa taifa ni deni. Watakaolipa ni sisi na watoto wetu.

Kikundi chetu cha kwanza kilikufa. Mtunza fedha aliweka hesabu kichwani, na mpaka leo hatujui kama aliiba au alisahau. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi ninyi mliojifunza chamani kuandika mihtasari na kukagua hesabu, siku ya mapumziko nendeni vikundini kwenu. Ombeni daftari, lisomwe mbele ya wote, kina mama wakiwapo. Ruzuku nyingine ikija, itukute tayari.

Umoja ni nguvu.