Kola ya Ng'ombe, Setilaiti na Maswali ya Mkaguzi wa Hataza

Mazungumzo kwa wakazi wa Kulesa, Garsen

  

Kila kiangazi kikishika hapa Tana River, swali huwa moja: ng'ombe wako wapi? Mifugo inashuka mtoni kupitia malka, inakunywa maji na kurudi malishoni. Malka ikiheshimiwa, mkulima na mfugaji husalimiana kama majirani. Lakini ng'ombe wakitoka kwenye njia usiku wakaingia katika mahindi au migomba, kunakucha na hasara, na nyuma ya hasara huja ugomvi. Kaunti hii inaujua ugomvi huo na haitaki kuuona tena.

Sasa vijana wameona pikipiki za bodaboda zikifungwa traka. Mwenye pikipiki anakaa Garsen, anafungua simu na kuona chombo chake kiko wapi. Kijana wa mfugaji hakosi kujiuliza: kama pikipiki inafuatiliwa, kwa nini ng'ombe asifuatiliwe? Akitengeneza kola na ikafanya kazi, swali la pili linafuata haraka: je, kazi hii ni yangu kisheria, au mtu mwingine anaweza kuichukua akaiuza?

Swali hilo la pili hujibiwa na hataza, ambayo wengi huiita patenti. Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuzuia wengine kutengeneza, kutumia au kuuza uvumbuzi wake bila idhini yake. Hapa Kenya hutolewa na Taasisi ya Mali ya Viwanda, KIPI, iliyoko Nairobi, chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001. Hudumu miaka 20 tangu siku ombi lilipowasilishwa, mradi ada ya kila mwaka ilipwe. Lakini haitolewi kwa kuomba tu. Kuna mkaguzi, na mkaguzi ana maswali.

Kwanza tuelewe kola yenyewe inavyofanya kazi. Mambo ya setilaiti si mageni pwani hii. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, upande wa Malindi. Setilaiti zinazotumiwa na traka ni nyingine. Mtandao wa GPS ni wa Marekani, una setilaiti zisizopungua 24, na huizunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi. Urusi, Ulaya na China nao wana mitandao yao.

Wengi hudhani setilaiti inamwona ng'ombe. Haimwoni. Setilaiti inatangaza tu saa yake na mahali ilipo, kama redio. Kola inasikiliza, inapima ishara imechukua muda gani kufika, na kutokana na muda huo inajua umbali. Mtu akiambiwa yuko kilomita kadhaa kutoka Garsen, anaweza kuwa popote kwenye duara linaloizunguka Garsen. Akiambiwa pia umbali wake kutoka Witu, nafasi zinabaki mbili. Akiongezewa umbali kutoka Hola, anajua mahali pake. Setilaiti nazo hufanya hivyo, ila huhitajika nne, kwa sababu saa ndogo iliyo ndani ya kola si sahihi kama zile za angani. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde hupoteza mita 300, na mita 300 hapa ni tofauti ya malka na shamba la mtu.

Baada ya kola kujua mahali ilipo, laini ya simu iliyo ndani yake ndiyo inayompelekea mwenye ng'ombe ujumbe. Kwa hiyo kuna kazi mbili: kujua mahali, na kutoa habari. Mkaguzi huzitazama zote mbili.

Tuchukue mfano wa kijana wa Kulesa. Si kisa cha mtu fulani, ni mfano wa kujifunzia. Ametengeneza kola, amechora mpaka wa mashamba kwenye ramani ya simu, na ng'ombe akivuka mpaka huo, mwenyewe anapata ujumbe. Anapeleka ombi KIPI.

Swali la kwanza la mkaguzi: huu ni uvumbuzi, au ni hesabu tu? Sheria yetu inasema hesabu tupu, nadharia za sayansi, na mbinu za kufanya biashara hazipewi hataza. Kutafuta mahali kwa setilaiti kumejaa hesabu, na swali hili limewahi kufika mbali. Mwaka 2010, katika kesi ya kampuni ya SiRF, mahakama ya rufaa ya Marekani inayosikiliza mambo ya hataza iliambiwa kwamba njia ya kukokotoa mahali ni hesabu ambayo haifai kulindwa. Mahakama ilikataa hoja hiyo, ikisema njia ile haiwezi kutendeka bila kipokezi cha GPS, na kipokezi ni mashine. Uamuzi huo haumfungi mkaguzi wa Kenya, lakini unamfundisha mwombaji jambo moja: asiandike kanuni ya hesabu peke yake. Aandike kifaa, kinafanya nini, na kinaleta tokeo gani shambani.

Swali la pili: ni kipya? Upya haupimwi kwa Kulesa wala kwa Kenya pekee. Kama jambo limechapishwa popote duniani, si jipya tena. Na hapa kijana atashangaa, maana jibu haliko Marekani. Liko Laikipia. Katika hifadhi ya Ol Pejeta, ndovu dume aliyeitwa Kimani, aliyezoea kuvamia mashamba, alifungwa kola yenye laini ya simu na shirika la Save the Elephants. Akikaribia mpaka uliochorwa kwenye ramani, kola ilituma ujumbe kwa walinzi nao wakaenda kumrudisha. Kufikia mwaka 2008 habari zake zilikuwa zimeenea duniani. Kwa hiyo kola inayotuma ujumbe mnyama akifika mpakani si mpya. Kumweka ng'ombe mahali pa ndovu hakutoshi.

Kijana asikate tamaa. Anarudi, anafikiri. Huku kwetu sehemu nyingi mtandao wa simu haushiki. Anatengeneza kola zinazopashana habari: ng'ombe aliye mbali anampa mwenzake, mwenzake anampa mwingine, hadi yule aliyefika penye mtandao atume habari za wote. Wazo zuri. Lakini mkaguzi atarudi tena Laikipia. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwafunga punda milia kola za aina hiyo katika mradi ulioitwa ZebraNet, na maandishi yake yalikuwa yametoka tangu mwaka 2002.

Hapo linakuja swali la tatu, na ndilo gumu: je, kuna hatua ya uvumbuzi? Maana yake, fundi mwenye ujuzi wa kazi hiyo, akipewa kola ya Kimani na kola za punda milia, angeweza kuziunganisha bila kuumiza kichwa? Kama angeweza, hataza haitolewi. Swali la nne ni jepesi zaidi: je, kitu hicho kinaweza kutengenezwa na kutumika katika kazi yoyote, kilimo kikiwemo?

Ni nini basi kilichobaki kwa kijana wa Kulesa? Pengine kilichobaki ni kile ambacho Laikipia haina: mto huu. Tana hufurika, hula kingo zake na kubadili njia. Malka ya mwaka jana huenda mwaka huu ikawa maji au tope. Mpaka uliochorwa mara moja kwenye ramani hauendani na mto usiotulia. Mtu akibuni njia ya kola kutambua maji yamepanda au yameshuka, ikahamisha mpaka na kufungua malka nyingine bila mtu kuchora upya, hapo mkaguzi atakuwa na kitu cha kupima. Atakikubali au atakikataa kwa ushahidi atakaoupata. Lakini mazungumzo yatakuwa juu ya kazi ya kijana mwenyewe, si juu ya kazi ya ndovu Kimani.

Na hata hatua ya uvumbuzi ikikosekana, sheria ina mlango mwingine. Kitu kikiwa kipya na kinatumika, kinaweza kupewa cheti cha ubunifu mdogo, ambacho hudumu miaka 10. Mafundi wengi wa mashambani wangefaa kuanzia hapo.

Sasa mambo manne ya kushika.

Kwanza, tafuta kabla ya kuomba. Maktaba za hataza za WIPO na za Ofisi ya Hataza ya Ulaya zinasomeka bure kwa simu yenye intaneti. Usiku mmoja wa kutafuta huokoa pesa na miezi mingi.

Pili, chunga mdomo. Sheria ya Kenya humsamehe mvumbuzi aliyeonyesha kazi yake mwenyewe ikiwa ataleta ombi ndani ya miezi 12. Nchi nyingi za Ulaya hazina msamaha huo. Anayetaka kuuza nje ya nchi awasilishe ombi kabla ya kuonyesha kola yake sokoni au kwenye simu za watu.

Tatu, usisahau ombi lako. Huchapishwa baada ya miezi 18, na mwombaji lazima aombe lifanyiwe ukaguzi kamili ndani ya miaka 3 tangu aliwasilishe. Asipofanya hivyo, huhesabiwa kuwa limeachwa.

Nne, na hili ni la kila mtu: hataza hufanya kazi tu katika nchi ilikotolewa. Ya Marekani ambayo haikuletwa Kenya haimzuii mtu wa Kulesa, na iliyokwisha muda haimzuii mtu yeyote. Roger Easton, mwanasayansi wa maabara ya jeshi la majini la Marekani, alipata mwaka 1974 hataza ya kutafuta mahali kwa setilaiti. Muda wake ulikwisha zamani, na maandishi yake yote yako wazi kwa yeyote anayetaka kujifunza. Mvumbuzi hupewa ulinzi kwa miaka, naye anaufundisha umma alichokigundua. Kabla ya kutumia, hakikisha tu kwamba haki hiyo haiko hai Kenya, kupitia KIPI au kupitia ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki bunifu lililoko Harare.

Ndugu wakazi, kola haitaleta amani yenyewe. Amani huletwa na watu waliokubaliana malka ipite wapi. Lakini mfugaji akipata ujumbe saa nane usiku kwamba ng'ombe wake wameacha njia, anaweza kuamka na kuwarudisha kabla mkulima hajaamkia hasara. Kama ujumbe huo utatoka kwenye kifaa kilichobuniwa hapa, na jina lililo kwenye hati ni la mtu wa hapa, itakuwa faida mara mbili.