KABLA YA KUNUNUA KIYOYOZI, SOMA KIBATI CHAKE

(Mazungumzo ya mhitimu mmoja, fundi wa majokofu, katika mkutano wa wahitimu na wanafunzi, Dumila)



Waliotangulia wamekumbusha siku zetu za bwenini. Mimi ni fundi, basi nitazungumza juu ya mashine, na nitaanza kwa kuungama kosa.

Dada yangu ana duka la dawa hapa hapa Dumila. Joto letu mnalijua, na maboksi mengi ya dawa yameandikwa yasiwekwe mahali panapozidi nyuzi 30. Akaniomba nimtafutie kiyoyozi. Nikaenda Dar es Salaam, nikakuta cha mtumba kwa nusu ya bei ya kipya. Nikaona kimeandikwa BTU 12,000, nikalipa. Fundi mzima! Haikupita wiki mbili dada akaniambia, "Kaka, kitu hiki kinakula LUKU kama moto wa nyika." Akawa anakizima mchana ili abane matumizi, yaani saa zile zile dawa zinapokihitaji. Nyingine ikabidi aziondoe rafuni. Fedha iliyopotea ilikuwa ada ya mwanawe.

Kosa langu lilikuwa nini? Nilisoma nguvu ya mashine, sikusoma ulaji wake. Ndugu zangu, kiyoyozi hakitengenezi baridi. Hubeba joto la ndani na kulitupa nje, kama mchukuzi abebavyo mizigo. Umeme ni ujira wake. Basi swali ni hili: kwa ujira wa uniti moja, anabeba uniti ngapi za joto?

Wanafunzi, shikeni kalamu. BTU 12,000 kwa saa ni kama wati 3,500 za joto. Kiyoyozi cha dada kilikula wati 1,600. Gawanyeni: mnapata 2.2. Kilicho bora hula wati 1,000. Hicho ni 3.5. Tofauti ni wati 600. Vyote viwili vikifanya kazi kwa nguvu zote saa 8 kwa siku, kwa siku 30, tofauti hiyo ni uniti 144. Kwa bei ya matumizi ya kawaida iliyopangwa mwaka 2016, yaani shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, ni zaidi ya shilingi 42,000 kwa mwezi. Hivyo ndivyo rahisi inavyokuwa ghali.

Sasa jihadharini na mambo matatu. Kwanza, Wamarekani hugawanya BTU kwa wati, kwa hiyo mashine ile ile ya 3.5 kwao huandikwa 12. Ukikuta namba kubwa namna hiyo, igawanye kwa 3.4 ndipo ulinganishe. Pili, kuna kipimo cha papo hapo, nje kukiwa na nyuzi 35, na kuna cha wastani wa msimu mzima. Usilinganishe hiki na kile. Tatu, nyota za lebo hutegemea nchi iliyozitoa. Ghana iliweka kiwango cha chini cha viyoyozi, 2.8, mwaka 2005. Kenya ilitunga kanuni za lebo mwaka 2016. Nyota tano za kwingine si lazima ziwe tano za hapa. Lakini kugawanya ni kule kule kila mahali.

Wenzetu wa nchi za baridi huigeuza mashine hii hii ikabeba joto la nje na kulileta ndani. Huiita pampu ya joto, na hesabu yake ni ile ile. Wanaotoka milimani Uluguru, ambako Julai watu hulala na mablanketi mawili, wataelewa faida yake.

Tena, hakuna lebo itakayokusaidia ikiwa nyumba ni bati tupu bila dari, au chujio limejaa vumbi la barabara.

Kiyoyozi cha pili cha dada nilikinunua kwa fedha yangu, na safari hii nilisoma kibati nikiwa na kalamu mkononi. Sasa hakizimwi mchana.

Wadogo zetu, kugawanya nilifundishwa katika shule hii hii. Sikukosa elimu, nilikosa kuitumia siku niliyoihitaji. Ninyi msifanye hivyo.