Nyumba iko na hali gani, na nani ameandika?

Leo tuongee juu ya nyumba.

Wengi wetu tunakaa katika nyumba yenye baba ao babu alijenga. Siku moja unataka mkopo, tuseme wa kununua motere ya mtumbwi ao kubadilisha mabati. Benki inauliza kwanza: seritifika iko wapi?

Munajua sababu? Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wa Kongo ni mali ya Serikali, na hauuzwi. Kile tuko nacho ni haki juu ya parseli, pamoja na kile tumejenga. Benki ikishika nyumba yako kama rehani, haishiki udongo. Inashika haki ile, na kuta, na paa. Ndiyo maana inatuma mtu kuangalia nyufa. Na bila seritifika, rehani haiandikwi kwa konservateri. Nyumba inaweza kuwa nzuri namna gani, mazungumzo yanaishia pale.

Hata seritifika yenyewe inapita kwa macho ya mtu. Wanafika kwenye parseli, wanaangalia kama umejenga kweli, wanaandika PV. Uliza wazazi wako: kopi ya PV ile iko wapi?

Marekani, kampuni kubwa inayonunua mikopo ya nyumba, Fannie Mae, inatumia madaraja sita, C1 mpaka C6. C1 ni nyumba mpya, haijakaliwa. C5 imechakaa lakini inakalika, inaweza kupita. C6 iko na uharibifu unaogusa usalama ao uimara wake: mkopo haununuliwi mpaka itengenezwe ifike C5. Mkaguzi anaandika ni nini kitengenezwe, kisha nyumba inaangaliwa tena. Kule si paradiso, familia za watu weusi zimelalamika sana kwamba nyumba zao zinapunguziwa bei. Lakini waliweza kulalamika juu karatasi iko mkononi mwao.

Kwetu unasikia tu: "nyumba ni mbaya." Mbaya wapi? Paa? Musingi? Hii ni shida kubwa kwa mji kama Kalemie. Tarehe 5 Desemba 2005 udongo ulitetemeka kwa nguvu ya 6.8, nyumba zikaanguka. Mwaka 2024 ziwa lilipanda, maji yakaingia manyumbani. Ufa wa zamani uliokauka na ufa unaofunguka kila masika si kitu kimoja, na neno "mbaya" haliwezi kuvitofautisha. Halafu ni mutego: hawakupi pesa juu nyumba imeharibika, na imeharibika juu hauna pesa.

Kwa hiyo, mukaguzi akifika, ombeni maandishi: sehemu gani, shida gani, itengenezwe nini. Ombeni benki itoe pesa kidogo kidogo, kazi ya kwanza ikiisha iangaliwe, ndipo ya pili. Na msianze na rangi, tafadhali. Rangi juu ya ufa haimudanganyi mtu wa kazi. Anzeni na paa, na njia ya maji kutoka kwenye musingi. Mkiombwa pesa ya ukaguzi, ombeni risiti.

Sasa maswali. Wale wanaokaa karibu na Lukuga waanze.